Manyoya yalitoweka kabla ya nguo
Je, binadamu alipoteza manyoya kwa sababu ya kuvaa nguo? Hapana. Nguo zimekuja juzi tu. Muulize chawa: vinasaba vyake vinaonyesha kuwa chawa wa nguo alijitenga na yule wa kichwani pengine miaka 170,000 iliyopita, au hata baadaye, ilhali ngozi nyeusi, kinga ya mwili usio na manyoya dhidi ya jua, inakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka milioni 1.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni joto. Tuna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, zimesongamana karibu mara 10 kuliko za sokwe. Jasho likikauka juu ya ngozi tupu huondoka na joto. Kwenye manyoya mazito hulowanisha tu. Nywele za kichwani zikabaki kwa kuwa anayetembea wima hupigwa na jua utosini.

Na vinyweleo bado tunavyo, idadi yake inakaribia ya sokwe, ila vyetu vimekuwa malaika mafupi yasiyoonekana. Nywele za kwapani ni suala jingine, wataalamu bado wanabishana.