Taa za Baiskeli: Lumeni Tena?

*Nataka kuanza kuendesha njia za msituni usiku. Ninunue taa ya lumeni ngapi?*

Swali hili nalijibu kila mara. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, zilizoandikwa kwenye boksi ni za dakika za mwanzo, kama si uongo mtupu. Piga hesabu mwenyewe: betri moja ya 18650 (saizi ya kawaida ya betri za kuchaji za taa hizi), iliyo bora, hubeba takriban wati-saa 12. Taa ya lumeni 2,000 hula kama wati 20. Hiyo ni nusu saa na ushee, kisha giza. Na anayekuuzia betri ya aina hiyo iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 za chaji anakuuzia maandishi ya karatasi ya nje tu. Zilizo nzuri huishia karibu na 3,500. Muulize muuzaji taa inatoa mwanga kiasi gani baada ya saa nzima. Akibabaika, ondoka. Mimi lumeni 800 za kweli zinanitosha.

*Niifunge kwenye usukani au kwenye helmeti?*

Kote kuwili ukiweza. Taa ya usukani iko chini ya macho, hivyo kila jiwe na mzizi hutupa kivuli unachokiona, na kivuli ndicho kinachokuambia shimo lina kina gani. Ya helmeti inamulika kutoka usawa wa macho. Vivuli vinajificha nyuma ya vitu na njia inaonekana bapa kama mkeka. Siku zangu za mwanzo nilitegemea ya kichwani peke yake, nikatumbukiza gurudumu la mbele kwenye mfereji niliodhani ni doa la tope. Faida yake ni kwenye kona: usukani bado unatazama vichaka, shingo imeshageuka. Ukiwa na moja tu, wengi watakwambia kichwani. Mimi nasema usukani, na kwenye kona upunguze mwendo. Ya kichwani iwe nyepesi, na ichomoke ikinaswa na tawi.

*Taa yangu hufifia nikisimama. Imeharibika?*

Hapana. Hupozwa na upepo wa mwendo. Ukisimama inapata joto, inajipunguza yenyewe. Ipunguze mwanga wewe mwenyewe kabla haijapata joto. Na tafadhali, ukisimama kuongea na wenzako inamisha kichwa, usiwamulike machoni.

*Kwenye ukungu niongeze mwanga?*

Punguza, na uzime ya helmeti. Matone yanaurudisha mwanga wote usoni kwako.

*Betri imevimba kidogo lakini bado inashika chaji.*

Acha kuichaji leo hii. Ipeleke zinakopokelewa betri chakavu.

*Tochi ya simu haitoshi kweli?*

Kutafutia ufunguo ulioanguka, inatosha.