Kuhamisha kiwanja England bila wakili: soma daftari kabla ya kugusa fomu

Watu wanaoniuliza kama wanaweza kuhamisha kiwanja bila wakili hapa England huja na fomu ya TR1, ile ya kuhamisha ardhi, tayari mkononi. Wameipakua, wamejaza majina, na wanataka kujua kisanduku cha 9 kinaandikwa nini. Huwa nawajibu hivi: ndiyo, sheria ya England na Wales inamruhusu mtu kujiandalia mwenyewe hati ya kuhamisha ardhi yake, lakini hiyo fomu iwekeni pembeni kwanza. Kuijaza si kazi kubwa. Kinachowakwamisha watu ni yale yaliyokwisha kuandikwa kwenye daftari la ardhi kabla wao hawajafika.

Tahadhari moja mapema. Ndugu au rafiki anaweza kukusaidia kuandika hati hiyo bure. Mtu asiye na leseni akikutoza hela kwa kazi hiyo, anavunja sheria ya huduma za kisheria ya mwaka 2007, hata kama anajulikana mtaa mzima kwamba "anajua mambo ya ardhi". Msiwape hela watu wa namna hiyo. Hati ikiharibika hawana bima, na huna pa kuwashtaki kama ambavyo ungemshtaki wakili.

Basi, daftari. Wengi huulizia hati ya karatasi iliyo kabatini kwa mzee. Tangu Oktoba 2003, HM Land Registry, yaani masjala ya ardhi ya serikali, haitoi tena vyeti vya ardhi vya karatasi. Kwa ardhi iliyoandikishwa, daftari lenyewe ndilo uthibitisho wa umiliki. Nakala ya daftari ni pauni 7 na ramani yake pauni 7, mradi ununue kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Kuna tovuti nyingine zinazofanana nayo, zinazokuuzia karatasi ileile kwa bei ya juu.

Daftari lina sehemu tatu. A inaeleza ardhi yenyewe pamoja na haki zinazoambatana nayo, kama njia ya kupitia. B inamtaja mwenye ardhi. C inaorodhesha mizigo: rehani ya benki, haki za majirani kupita au kupitisha mabomba, na masharti ya zamani kama vile kutojenga zaidi ya nyumba moja. Sharti la namna hiyo linaweza kumfunga mmiliki mpya hata kama aliyeliweka alikufa zamani. Ukiona jina la benki kwenye C, simama hapo. Deni lilipwe, kisha benki iondoe rehani yake, au benki ikubali kwa maandishi. Na kama mnunuzi anakopa ili anunue, benki yake kwa kawaida haitakubali aende bila wakili, kwa hiyo mazungumzo ya kufanya wenyewe yanaishia hapo.

Sehemu B ndiyo ninayoisoma polepole kuliko zote, kwa sababu ndimo vinamokaa vizuizi. Kuna kimoja utakachokutana nacho sana, kiitwacho kizuizi cha Fomu A. Kwa lugha nyepesi kinasema: mwenye ardhi akibaki mmoja, hawezi kuuza peke yake na uhamisho ukaandikishwa. Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyekuwa akimiliki kiwanja pamoja na kaka yake, na kaka akawa amefariki. Mnunuzi alishapatikana, bei imekubaliwa, TR1 imejazwa vizuri kabisa, jina la dada peke yake likiwa upande wa muuzaji. Nilipomwonyesha ule mstari kwenye B alishangaa, kwa sababu aliamini kwamba cheti cha kifo kinatosha. Katika hali yake hakikutosha. Kizuizi kile huwekwa pale wamiliki wanapokuwa na mafungu yao, na fungu la marehemu huwa sehemu ya mirathi yake, halimwangukii aliyebaki. Ilibidi ateuliwe mdhamini wa pili, yaani mtu wa kuishika ardhi pamoja naye kwa niaba ya wenye mafungu, ili wawili wasaini na wapokee pesa pamoja. Hakuna neno kuhusu hilo kwenye fomu ya TR1. Lilikuwa kwenye daftari tu.

Ramani nayo ina lake. Ule mstari mwekundu unaonyesha mpaka wa jumla tu. Sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 2002 inasema wazi kwamba hauonyeshi mpaka kamili. Ukikuta uzio uko mita moja nje ya mstari, usikimbilie kusema jirani amekuibia, wala usimwahidi mnunuzi ile mita. Nenda kiwanjani, tazama uzio, mtaro, njia iliyokanyagwa, na uulize nani anakitumia. Mtu anayekikalia kiwanja anaweza kuwa na haki inayombana mnunuzi japokuwa jina lake halimo daftarini. Na kama mnahamisha kipande tu cha kiwanja, fomu si TR1, ni TP1, pamoja na ramani yenye vipimo iliyosainiwa na anayehamisha. Kwa kipande kinachohitaji njia mpya ya kupita au mabomba, mimi husema mlipeni wakili. Maneno ya kuunda haki ya njia yakikosewa, ugomvi huo watarithi watoto.

Sasa fomu. Kama ni mauziano, makubaliano ya bei yawe kwa maandishi na yasainiwe na pande zote mbili. Mkataba wa mdomo wa kuuza ardhi hauna nguvu tangu sheria ya 1989. Kisha TR1. Kisanduku cha 3, cha tarehe, kiache wazi mpaka siku ya kukamilisha. Kisanduku cha 6 ni anwani ambayo masjala itamwandikia mmiliki mpya, na watu wengi huandika anwani ya kiwanja chenyewe. Kiwanja kitupu hakina sanduku la barua! Mtu aliyekikalia kwa miaka 10 anaweza kuomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Masjala itamwandikia mmiliki, naye ana siku 65 za kazi kujibu. Barua ikienda kwenye majani, siku hizo zinapita kimya. Unaruhusiwa anwani tatu, moja lazima iwe ya posta, na barua pepe inakubalika kati ya hizo nyingine. Zijaze zote tatu.

Kisanduku cha 9 wanachokiulizia: muuzaji anayeijua vizuri ardhi yake hutoa dhamana kamili kuhusu umiliki wake, na anayeuza kama msimamizi wa mirathi mara nyingi hutoa dhamana yenye mipaka. Kisanduku cha 10 ni cha wanunuzi wawili au zaidi, wachague kama watamiliki kwa pamoja, yaani mmoja akifa aliyebaki anachukua chote, au kwa mafungu. Msikiruke kwa sababu mnapendana. Yaliyompata yule dada yalianzia kwenye uchaguzi wa namna hiyo, uliofanywa bila kuelezwa.

Shahidi wa saini awepo ana kwa ana, aone kalamu ikitembea, naye aandike jina na anwani yake. Simu ya video haikubaliki, hata kama anayesaini yuko nchi nyingine. Atafute shahidi hukohuko aliko. Aliye upande wowote wa hati hawezi kuwa shahidi, na ni salama zaidi kutomtumia mtu wa familia.

Mnunuzi anayelipa pesa asikubali kulipa kabla ya kufanya upekuzi rasmi wa daftari kwa fomu OS1. Upekuzi huo humpa kinga ya siku 30 za kazi: maombi mengine yakiingia katikati, la kwake linatangulia, ilimradi alifikishe ndani ya muda. Zawadi haina kinga hiyo, kwa hiyo anayepewa apeleke maombi haraka. Haraka hiyo ina sababu. Kusaini na kulipa hakumfanyi mtu kuwa mmiliki kisheria. Umiliki wa kisheria unahama pale uhamisho unapoandikishwa.

Kodi nitaigusa tu. Kwa England, bei ikifika pauni 40,000 mnunuzi hujaza ritani ya ushuru wa stempu kwa HMRC, mamlaka ya kodi, ndani ya siku 14, hata kama hadaiwi kitu, na cheti chake huambatana na maombi. Wales wana kodi yao wenyewe. Zawadi tupu isiyo na deni haina ushuru huo, lakini ukimpa mtoto au ndugu, kodi ya faida ya kuuza mali huhesabiwa kana kwamba umeuza kwa bei ya soko. Kwa kiwanja kilichopanda thamani, ongea na mtu wa kodi kabla ya kusaini, maana baada ya hapo hairudi.

Kifurushi kinachokwenda masjala kwa posta ni AP1 (fomu ya kuomba uhamisho uandikishwe), TR1 yenyewe, ada, cheti cha kodi kinapohitajika, na ID1 (fomu ya kuthibitisha utambulisho) ya kila mtu asiye na wakili. Baki na nakala ya kila ukurasa. Majibu yakija, soma daftari jipya herufi kwa herufi: jina, anwani, na kama rehani ya zamani kweli imetoka.

Siku hiyohiyo jiandikishe kwenye huduma ya Property Alert ya masjala. Ni bure, na itakutumia barua pepe kukiwa na shughuli fulani kwenye daftari lako, kwa mfano mtu akifanya upekuzi. Matapeli hupenda viwanja vitupu visivyo na rehani, hasa mwenyewe akiwa mbali. Kama unaondoka nchini kwa muda mrefu, ongeza kizuizi kwa fomu RQ, ambacho kinadai mwanasheria athibitishe kwamba anayesaini ndiye mwenye ardhi. Siku utakapouza, itabidi umlipe mwanasheria kwa uthibitisho huo. Kwa mtu anayeacha kiwanja bila mwangalizi, mimi naona gharama hiyo ni halali yake.