Siku mbili tatu kwenye kamji ka pwani kenye baridi

SWALI: Shangazi, nazunguka na begi la mgongoni, nataka nipumzike kidogo kwenye kamji ka pwani kenye baridi, sina ratiba yoyote, si nitaboeka? Na nivae nini?

JIBU: Kuboeka ndo raha yenyewe mwanangu! We tembea ufukweni asubuhi, maana siku ya jua nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hewa inapanda, basi mchana upepo wa baharini unaingia na huo ndo unaotesa kuliko baridi yenyewe. Koti lisilopitisha upepo, ndani sweta ya sufu, jinzi achana nayo, ikilowa na ule unyevunyevu haikauki leo wala kesho. Soksi moja kavu ificheee, ya kulalia tu. Hita ya chumba ulizia kabla hujalipa.