Rais mpya, kanuni mpya: nini hasa hubadilika kwenye TAM?

SWALI: Niko mwaka wa tatu, sayansi ya mazingira. Sheria ya tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) ya Marekani ni ya zamani, ila kila rais anakuja na masharti yake. Inakuwaje? Na Tanzania je?

JIBU: Sheria yenyewe ipo palepale. NEPA, yaani sheria hiyo ya Marekani, ilisainiwa na Rais Nixon tarehe 1 Januari 1970, nayo ilikuwa fupi: taasisi ya serikali kuu ieleze athari za mradi kabla haijaamua. Namna ya kufanya hivyo iliwekwa mwaka 1978 na kanuni za CEQ, baraza la mazingira lililo chini ya ofisi ya Rais. Mvutano uko kwenye kanuni hizo.

Zilikaa miaka 40 na ushee karibu bila kuguswa. Mwaka 2020 Trump aliziandika upya na kuondoa takwa la kupima athari limbikizi, yaani athari za miradi mingi zikijumlishwa. Hilo si dogo. Kisima kimoja cha gesi hakitishi mtu, ila ukiidhinisha visima mia katika bonde moja, kimojakimoja, hakuna ripoti itakayoonyesha bonde limefanywa nini. Biden alilirudisha takwa hilo mwaka 2022. Trump aliporejea, siku ileile ya kuapishwa, 20 Januari 2025, alifuta amri ya Rais Carter ya 1977 iliyolipatia baraza mamlaka ya kutunga kanuni; ilipofika 11 Aprili kanuni zote zilikuwa zimefutwa. Sasa kila taasisi ina utaratibu wake.

Wengi hawalitaji badiliko la mwaka 2023, nami naliona zito kuliko yote hayo. Bunge la Marekani liliweka ukomo wa kurasa 150 na miaka miwili kwa tathmini kamili, tena ndani ya muswada wa deni la taifa! Hilo rais hawezi kulifuta kwa kalamu yake.

Kwetu pia inawezekana, na imeshatokea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, lakini kanuni za TAM za 2005 zilirekebishwa 2018 na miradi ikapangwa upya katika makundi yenye masharti mazito au mepesi, B1 na B2 yakiwemo. Kanuni husainiwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Wabunge hawazipigii kura kwanza. Kama unatafuta mada ya utafiti, weka majedwali ya miradi ya 2005 na 2018 sambamba, uone ni miradi ipi ilihamishiwa kundi lenye masharti mepesi.