Swali la lugha: "Zidisha A kushoto kwa B", ipi inakaa kushoto?

Swali: Naandaa mwongozo wa Kiswahili wa programu za kompyuta zinazokokotoa kwa herufi, zile ambazo AB si lazima iwe sawa na BA. Nimeandika "aljebra isiyobadilika" na "zidisha A kushoto kwa B". Wenzangu wawili wamefuata maelezo hayo hayo wakapata majibu mbalimbali. Kosa liko wapi? (Msomaji, Wete, Pemba)

Jibu: Makosa ni mawili, na la pili ndilo zito.

"Isiyobadilika" inatokana na kubadilika, yaani kitu kinabaki kilivyo. Aljebra hii haikatazi mabadiliko. Inazikatalia herufi kupeana nafasi, na maana hiyo ya kutendana inabebwa na kiambishi -an-. Tena wenye kubadilishana ni herufi, si aljebra, kwa hiyo hata "aljebra isiyobadilishana" inachechemea. Andika "aljebra ya herufi zisizobadilishana nafasi". Ni ndefu, lakini inaeleweka kwa kusomwa mara moja. Mfano wake tunao katika lugha yenyewe: "mtoto wa mwalimu" si "mwalimu wa mtoto".

Sasa "zidisha A kushoto kwa B". Mmoja anasoma "kushoto kwa B" kama "kushoto kwa nyumba": A inawekwa upande wa kushoto wa B, anaandika AB. Wa pili anaifungamanisha "kwa B" na "zidisha", kama katika "zidisha tatu kwa nne": A inazidishwa kwa B, na B inaingia kutokea kushoto, anaandika BA. Sarufi inawaruhusu wote wawili. "Kwa" moja imepewa kazi mbili.

Usikimbilie "mbele ya". Katika foleni ya boti, aliye mbele yako ndiye anayetangulia. Lakini anayesoma mstari "akisonga mbele" anaelekea kulia. Na huku kwetu mtoto aliyesoma chuoni amezoea pia mstari unaoanzia kulia. "Kwanza" nayo inateleza: A na B zikiwa matriksi (majedwali ya namba), na AB ikizidisha safuwima v, B ndiyo inayoigusa v kwanza ingawa A ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Taja pande zote mbili, kisha andika jibu: "Zidisha A kwa B, B ikae kushoto na A kulia: BA." Usiliache jibu hilo hata pale unapoona sentensi inajitosheleza.

Alama za kuzidishia nazo zieleze kwa kila programu peke yake. Katika NCAlgebra, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na inayotumika ndani ya Mathematica, nyota mbili (**) ni kuzidisha kunakotunza mpangilio. Katika SymPy, ya lugha ya Python, nyota mbili ni kipeo, na kuzidisha ni nyota moja. Ukiandika "tumia nyota mbili" bila kutaja programu, umempoteza msomaji. Mathematica yenyewe, kwa nyota moja, hupanga herufi upya, hivyo a*b - b*a inatoka 0 bila onyo lolote.

Katika NCAlgebra, herufi ndogo moja moja huchukuliwa tangu mwanzo kuwa hazibadilishani nafasi, ilhali herufi kubwa hubadilishana. Kwa hiyo a**b - b**a hubaki ilivyo, na A**B - B**A huwa 0. Mhariri anayependa kuzikuza herufi ili ukurasa upendeze anaharibu hesabu. SymPy haina ubaguzi huo: herufi zote hubadilishana mpaka uandike commutative=False unapozitangaza. Kipimo chepesi ni kufungua mabano ya (A+B)**2. Ukiona AB na BA zimesimama mbalimbali, umetangaza sawasawa. Ukiona 2AB, umesahau.

Kuhusu kinyume, yaani kile kinachokupa 1 ukikizidisha na herufi yake, usiandike "kinyume cha AB ni kinyume cha A na cha B", kwa sababu "na" haisemi nani atangulie. Ni kama shehena ya dau: kilichopakiwa mwisho ndicho kinachoshushwa kwanza. Andika: "kinyume cha AB ni kinyume cha B, kikae kushoto, mara kinyume cha A, kikae kulia." Katika NCAlgebra ni inv[b]**inv[a].