Baada ya uzamili wa bioteknolojia: kiwandani, mamlaka ya dawa au uzamivu?

Wanaokaribia kuhitimu uzamili wa bioteknolojia wa mkondo wa kitaalamu, yaani ule unaosomwa kwa kozi, mafunzo kazini na mradi mfupi badala ya tasnifu ya utafiti, mara nyingi huniuliza kama shahada hiyo inawafungia njia ya uzamivu. Haiwafungii, ila imeundwa kumpeleka mtu kazini kwanza, na asiyelitambua hilo mapema hupoteza muda mwingi akiomba nafasi ambazo hakuandaliwa kwazo.

Hapa Tanzania kazi za kuchezea vinasaba ni chache, na nyingi ziko kwenye taasisi za utafiti kama Ifakara (afya) na TARI Mikocheni (kilimo), au ng'ambo ya mpaka, ILRI (mifugo) na icipe (wadudu) jijini Nairobi. Wahitimu wa mkondo wa kitaalamu niwajuao wameajiriwa zaidi katika udhibiti wa ubora, uzalishaji, usajili wa dawa na vitendanishi, pamoja na uuzaji wa vifaa vya maabara, kazi ambayo wengi huidharau mpaka wasikie malipo yake. Kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, huzalisha bakteria wa jamii ya Bacillus wanaoua viluwiluwi vya mbu, na mahali kama pale mtaalamu anayeweza kulinda tangi la kukuzia bakteria hao lisiingiliwe na vimelea wengine ana thamani kubwa. Upande wa usimamizi nao umekua: TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ilifikia mwaka 2018, ikiitwa bado TFDA, ngazi ya tatu ya ukomavu, kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha uimara wa mamlaka za udhibiti, ikiwa ya kwanza barani Afrika, na kampuni zinazopeleka maombi ya usajili huko zinahitaji watu wanaojua kuandaa na kutetea majalada ya kitaalamu.

Katika usaili wangu wa kwanza kiwandani nilikuwa nimejiandaa kueleza uhariri wa jeni kwa kirefu. Badala yake nilipewa karatasi ya kumbukumbu za joto la chumba baridi, ambacho kilipaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, nikaulizwa ningefanya nini. Usomaji mmoja ulikuwa 11, saini haikuwepo, na tarakimu iliyofuata ilikuwa imefutwa kwa wino mweupe. Jambo walilolitaka ni kuzuia kwanza bidhaa zisitoke, kuripoti, kutafuta chanzo, kisha kueleza kwa nini ule wino mweupe ni kosa zito kuliko joto lenyewe, kwa kuwa kumbukumbu iliyofutwa haiaminiki tena. Nililijua hilo kutokana na mafunzo kazini, si darasani, ndiyo maana nasisitiza mtu achague mahali pa mafunzo kwa uangalifu kuliko anavyochagua kozi za hiari.

Anayelenga uzamivu atumie mradi wake kama ushahidi: auombee msimamizi mtafiti, auandike kwa urefu wa tasnifu ndogo na, ikiwezekana, auchapishe. Vyuo vingi vya Ulaya hutaka kuona tasnifu ya uzamili, wakati programu nyingi za Marekani hupokea hata wenye shahada ya kwanza, hulipa ada na posho, lakini huchukua miaka mitano au zaidi. Kwa wanaotaka kubaki Afrika, ufadhili wa RSIF, mfuko wa kikanda wa masomo ya uzamivu na ubunifu unaosimamiwa na icipe, unafaa kufuatiliwa. Binafsi naona miaka michache ya kazi kabla ya uzamivu ni faida, kwani swali la utafiti lililotoka kiwandani humshawishi msimamizi kuliko lililookotwa kwenye makala za wengine.

Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) vitambuliwe mara tu anaporudi, asisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, kwa sababu muda wa kutuma maombi ni mfupi na uhakiki una foleni yake.