Gawa kwa msemaji, si kwa rekodi: kwa wahadhiri wasaidizi wanaoanza

Muhula huu nimesikiliza mawasilisho ya uzamili ya vijana wetu wa ujifunzaji wa mashine, na swali langu limekuwa lile lile: data umeigawaje? Na jibu lile lile: "Kwa nasibu, Dokta, themanini kwa ishirini," yaani asilimia themanini ya kuifunza modeli (programu inayojifunza kutokana na data) na ishirini ya kuijaribu. Nawapenda sana, ndiyo maana naandika badala ya kuendelea kununa kiti cha mbele.

1. Mgawanyo wa data kwanza, modeli baadaye.

Nilipokuwa kwenye uzamivu tulikusanya sauti za Kiswahili kwa ajili ya utambuzi wa usemi, yaani kompyuta kugeuza sauti kuwa maandishi. Wasomaji walikuwa wachache, kila mmoja akasoma sentensi nyingi, chumba kimoja, simu moja, na feni ikinguruma juu. Nikazichanganya rekodi zote, nikazigawa kwa nasibu, nikafunza. Kiwango cha makosa ya maneno kikatoka chini mno. Watu wenye data nyingi kuliko yangu na GPU (vichakataji vya kufunzia modeli) za kutosha walikuwa hawajafika pale, na bado sikushtuka. Niliona nimefanikiwa. Makala ikapokelewa kwenye warsha.

Siku ya kuwasilisha, mama mmoja wa isimu akauliza kwa upole kabisa: "Hao wasemaji wa kwenye majaribio, modeli ilikuwa haijawahi kuwasikia?" Nikajibu kwamba nitaangalia. Usiku huo nikapanga rekodi kwa majina ya wasemaji. Hakuna hata mmoja kwenye seti ya majaribio ambaye hakuwemo kwenye seti ya mafunzo. Modeli ilikuwa imezoea sauti zao, simu ile na feni ile. Nilipogawa upya kwa msemaji, makosa yalipanda zaidi ya maradufu.

Kumweleza msimamizi kulikuwa kugumu, na kuwaandikia waandaaji kuomba makala iondolewe kukawa kugumu zaidi. Ila kilichoniuma hasa ni kijana wa mwaka wa mwisho aliyekuwa ameichukua namba yangu kama kipimo cha mradi wake. Alikuwa amegawa data yake vizuri, akapata matokeo ya kweli, kisha akajilaumu muhula mzima kwa kushindwa kunifikia. Alikuwa karibu kuacha utafiti. Nilikaa naye kwenye maabara nikamwonyesha jedwali langu mstari kwa mstari, nikamwomba radhi. Namba ikishatoka haibaki kwako. Wengine wanajipimia nayo.

Kwa hiyo, ukitumia Kiswahili cha Common Voice (mkusanyiko wa Mozilla wa sauti zinazotolewa na watu wa kujitolea), safu ya client_id, yaani utambulisho wa msemaji, ipo kwa kazi hiyo: msemaji mmoja akae upande mmoja tu, au tumia mgawanyo uliokuja na data. Mnaotambua magonjwa ya muhogo kwa picha: picha zote za mmea mmoja ziende pamoja, na ikiwezekana za shamba moja. Wa habari: blogu zetu hunakiliana neno kwa neno, ondoeni marudio kabla ya kugawa. Wa miamala ya simu: gaweni kwa tarehe, modeli isijifunze ya kesho ili kutabiri ya jana. Na matokeo yakiwa matamu kupita kiasi, tafuteni mvujo, yaani data ya majaribio iliyopenya kwenye mafunzo, kabla ya kutafuta jarida.

2. Msimbo wa programu ukae kwenye Git (mfumo wa kutunza kila toleo la msimbo), mbegu ya nasibu (namba inayofanya nasibu irudiwe vile vile) iandikwe, na modeli ihifadhiwe kila baada ya hatua chache, maana Colab ya bure (huduma ya Google ya kuendesha msimbo mtandaoni) hukata na umeme nao hukata.

3. Jueni mnahesabiwa kwa mizani mbili. Kwenye fani yetu kazi nzito hutoka mikutanoni, kama ile ya kimataifa ya ACL (ya lugha na kompyuta), NeurIPS na ICLR (ya ujifunzaji wa mashine). Kamati ya kupandisha vyeo, yenye watu wa kemia na historia, mara nyingi huuliza majarida. Msiwagombeze, wana mila zao. Peleka kazi mkutanoni ipate wasomaji, kisha ipanue kwa majaribio mapya uipeleke jaridani. Someni kanuni za vyeo za chuo chenu mkiwa bado wahadhiri wasaidizi, si mwaka wa kuomba uhadhiri mwandamizi. Na jarida linaloahidi kupokea ndani ya siku chache kwa ada, likimbieni. Orodha ya mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall ya majarida ya kitapeli iliondolewa mwaka 2017, kwa hiyo nakala mnazotumiana zimechakaa; fungueni ukurasa wa wahariri, mwandikieni mmoja, muone kama anajua kuwa yumo.

4. Viza. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Canada wakashindwa kufika NeurIPS kule Montreal, wakiwa na barua za mwaliko mkononi. Ombeni mapema, na wekeni mwandishi mwenza anayeweza kusimama badala yenu. Lakini msidharau za nyumbani. Deep Learning Indaba, mkutano wa Kiafrika wa ujifunzaji wa mashine, ilianza Johannesburg mwaka 2017, ikafika Nairobi 2019 na Kigali 2025. ICLR nayo ilifanyika Kigali 2023. Vijana wa Dar na Kampala wanaweza kwenda Kigali kwa basi. Nendeni hata kama hamna makala, mkae karibu na mabango ya tafiti, muwaulize wenye mabango walivyogawa data zao. Wengi watawajibu kwa furaha, na atakayebabaika mwelezeni taratibu, pembeni, asiaibike mbele za watu.